Lugha mbili ndani ya tovuti moja: tusibomoe kabla ya kuuliza

MWEZI uliopita kikundi chetu cha wafanyabiashara wa mpakani, hapa upande wa Makamba, kililetewa karatasi tatu zilizopigwa chapa vizuri na kampuni moja ya vijana kutoka mjini. Karatasi hizo zilisema kwamba tovuti yetu ya bei na oda ni mbovu kwa sababu imeandikwa kwa lugha mbili za kompyuta, PHP na Python, na kwamba dawa yake ni moja tu: kuifuta yote na kuiandika upya kwa lugha moja. Gharama yake, ukijumlisha vizuri, inakaribia akiba yote ambayo wanachama wamechanga tangu 2022. Wengi kikaoni walitikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akasema fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo mjadala ukawa kama umefungwa.

Nilinyoosha mkono nikaomba tusipige kura siku hiyo. Nimepewa muda hadi mkutano ujao kueleza sababu zangu, nami nimeona niziandike hapa, kwani najua vikundi vya namna yetu viko vingi kuanzia Kobero hadi Gatumba, na karatasi kama zile zitawafikia na wao.

Naomba nitangaze mapema kwamba mimi si mtu baki katika jambo hili. Ile nusu ya PHP niliiandika mwenyewe mwaka 2011, na baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu. Nilizaliwa Mishamo, nikasoma shule za Tanzania kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza, nikarudi Burundi mwaka 2009 na kukuta darasa linafundishwa kwa Kirundi na Kifaransa. Masuala ya lugha mbili katika nyumba moja nimeyaishi kabla sijagusa kompyuta. PHP nilijifunza kwa kitabu cha fotokopi nilichonunua Kigoma, kurasa zake nyingine zimefutika wino, na huenda ndiyo sababu baadhi ya mambo sikuyajua hadi yaliponitokea.

Nianze na jinsi mambo yalivyo, kwa sababu wengi walionyamaza kikaoni walinyamaza kwa kutoelewa wala si kwa kukubali.

Mtu anapofungua tovuti yetu kwa simu, ombi lake husafiri hadi kwenye kompyuta iliyo mbali iitwayo seva. Pale mlangoni tumeweka programu inayoitwa Nginx, nayo hufanya kazi ya bawabu. Bawabu anasoma anwani. Ikiwa inaanza na neno "oda", analipeleka ombi upande wa Python. Ikiwa ni kitu kingine chochote, yaani bei za leo, matangazo, orodha ya wanachama, analipeleka upande wa PHP. Kila upande unapika ukurasa wake na kuurudisha mlangoni, bawabu anautuma. Aliyeshika simu kule Mabanda anaona ukurasa tu, hana njia ya kujua umetoka jiko gani, na wala hana haja ya kujua.

Kwa hiyo lugha hizi mbili hazimwagwi katika sufuria moja kama wengi wanavyodhani. Mwenye kupita Kobero na Kabanga ameona kituo cha pamoja cha mpakani: maofisa wa Burundi na wa Tanzania wamo katika jengo moja, kila mmoja na daftari lake na muhuri wake. Jengo moja halileti shida. Shida inakuja pale daftari la huyu linaposema magunia arobaini na la yule linaposema thelathini na tisa. Basi tovuti yetu ilikuwa na madaftari mawili yasiyosomana, na hakuna aliyekuwa amekaa kuyalinganisha.

Ilikuwaje tukafika hapo? Mwaka 2011 nilichagua PHP kwa sababu ya umaskini. Nafasi ya bei nafuu kwenye seva za kupangisha, ile ambayo watu wengi wanagawana mashine moja, karibu kila mahali ilikuja na PHP tayari. Lugha hiyo yenyewe ilianza kwa unyenyekevu. Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995 baada ya kuitengeneza kwa ajili ya kurasa zake binafsi. Ilinitosha kabisa kuonyesha bei ya mchele, maharage na dagaa. Kisha mwaka 2018 ukaja mradi uliotaka wanachama waagize mzigo kwa simu na kupata hati ya kupokelea. Kijana aliyepewa kazi alikuwa hodari wa Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991, na ndani yake zilikuwepo zana za kutengeneza hati na kutuma meseji ambazo alizijua kwa moyo. Akaandika sehemu ya oda kwa Python, akaiunganisha kwenye hifadhidata ileile ya MySQL niliyokuwa nikitumia mimi, mradi ukafunga ofisi, naye akaenda zake.

Simlaumu kwa kuchagua Python. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Ninachotulaumu, yeye na mimi, ni kwamba hatukuwahi kukaa meza moja hata saa mbili. Tulipeana nenosiri la hifadhidata kwa meseji ya simu na kazi ikaendelea.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. Mwanachama anaingia kwa nenosiri lake kwenye ukurasa wa bei, anabonyeza "oda", anaulizwa nenosiri tena. Kila lugha inayo njia yake ya kukumbuka kwamba huyu ameshaingia: inampa mgeni kitambulisho kidogo kinachokaa kwenye kivinjari cha simu yake, na yenyewe inabaki na nakala. PHP kwa kawaida hukiita PHPSESSID na kuandika nakala yake kwenye faili kwa mpangilio wake yenyewe. Ile zana ya Python aliyotumia kijana, iitwayo Django, hukiita sessionid na kuweka nakala ndani ya hifadhidata kwa mpangilio mwingine. Hata nenosiri lenyewe kila upande unalisaga kwa kinu chake kabla ya kulihifadhi, kwa hiyo lililosagwa upande huu haliwezi kukaguliwa upande wa pili mpaka mtu akae afundishe. Wanachama wakajikuta na nenosiri la bei na nenosiri la oda. Unadhani walifanya nini? Waliyaandika yote mawili kwa kalamu ya wino mzito kwenye mbao za vibanda vyao, yakasomwa na kila mpita njia. Nimeyaona kwa macho yangu sokoni Mabanda.

Lakini hayo yalikuwa maudhi tu. Yaliyofuata yaligusa fedha na yakagusa jina la mtu.

Kikundi chetu kina mchango wa nusu ya asilimia kwa kila kilo inayouzwa. Kwa mchele wa faranga 1,700 kwa kilo, nusu ya asilimia ni faranga 8.5, na kwa kuwa hakuna anayelipa nusu faranga, kompyuta inakata kuwa namba nzima. Sasa nasema jambo ambalo mwalimu wa hesabu kama mimi niliona haya kulijua nikiwa na miaka karibu arobaini. Ukiiambia PHP ikate 8.5, inakupa 9, kama tulivyofundishwa shuleni kwamba nusu inapanda. Ukiiambia Python ya toleo la 3 ikate 8.5, inakupa 8. Haijakosea. Imepangwa hivyo makusudi: nusu inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili katika hesabu nyingi kupanda na kushuka kulingane. Kwa hiyo 7.5 inakuwa 8 kwa zote mbili, lakini 8.5 inakuwa 9 huku na 8 kule. Kanuni zote mbili zina watetezi wake. Balaa ni kuwa nazo zote mbili katika kitabu kimoja cha fedha.

Mzigo wa kilo 4,000: taarifa ya mwezi, iliyotengenezwa na PHP yangu, ilisema mchango ni faranga 36,000. Risiti aliyokabidhiwa mhazini, iliyotengenezwa na Python, ilisema 32,000. Faranga elfu nne si mali ya kutajirisha mtu. Ikafika mizigo kumi na mitano ya bei hiyo katika miezi mitatu, pengo likawa faranga 60,000, na jioni moja ya mwaka 2019 taarifa ikasomwa mbele ya kikao kizima. Mhazini wetu ni mtu aliyerudi kwa lori kama mimi, na bado wapo watu wanaowatazama waliorudi kama wageni wenye mikono mirefu. Hakuna aliyetamka neno "mwizi". Walimtazama tu. Yeye akafungua begi lake, akatoa risiti zote kumi na tano zilizofungwa kwa uzi, akaziweka mezani moja moja, akasema: "Mwalimu, zihesabu wewe, maana hii mashine ni yako."

Nilizihesabu usiku kucha kwa taa ya simu. Risiti zake zilikuwa sawa hadi faranga ya mwisho. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake kabla sijaenda kwa mwenyekiti, kwa sababu niliona yeye ndiye anayepaswa kusikia wa kwanza. Alinikaribisha chai, akanisikiliza nikieleza habari ya namba shufwa, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa nini mashine mbili zilipewa kazi moja?" Sijapata mtaalamu aliyeuliza vizuri zaidi ya hapo.

Mwaka huohuo likaja la saa. Wasomaji wa mpakani hawana haja ya kufundishwa kwamba Burundi na Tanzania tunapishana saa moja: Bujumbura ikiwa saa tano usiku, Kigoma ni saa sita. Tunalibeba jambo hilo kichwani kama tunavyobeba fedha za aina mbili mfukoni. Kompyuta haina kichwa cha namna hiyo, inafuata ilichoambiwa. PHP yangu niliiambia ifuate saa ya Bujumbura. Kijana, ambaye alikuwa akifanyia kazi Kigoma, aliiambia Python ifuate saa ya Dar es Salaam. Wote tulikuwa na haki. Kanuni ya kikundi ilikuwa kwamba oda iliyoingia kabla ya saa sita usiku inalipwa kwa bei ya siku hiyo.

Mama mmoja wa Nyanza-Lac, mjane anayelisha wajukuu kwa biashara ya mchele, aliagiza magunia arobaini ya kilo mia saa tano na dakika ishirini usiku. Ukurasa wa PHP ukamwambia: imepokelewa, bei ya leo. Upande wa Python, ambako kulikuwa tayari ni saa sita na dakika ishirini, siku mpya imeanza, hati ikaandikwa kwa bei mpya iliyopanda shilingi 50 kwa kilo. Shilingi 50 mara kilo 4,000 ni shilingi 200,000. Lori likakaa Manyovu siku mbili likimsubiri atafute fedha ambazo hakuwa nazo, na dereva anamdai posho ya kila siku. (Wazee wetu wa Kiswahili, ambao siku kwao huanza magharibi, labda wangetuambia tangu mwanzo kwamba saa sita usiku ni mahali pabaya pa kuweka mpaka.) Alipokuja kwangu hakupiga kelele. Alinionyesha simu yake na ile hati, vyote viwili, akasema: "Mwalimu, vyote vina jina la kikundi. Niamini kipi?"

Kikundi kilimlipia tofauti, ingawa si posho ya dereva. Hilo bado linanikera.

Naweza kuendelea. Niongeze moja tu kwa sababu linawahusu sana waliorudi. Sisi tuliosoma Tanzania tunaandika elfu moja na mia tano hivi: 1,500. Wenzetu waliosoma hapa kwa Kifaransa wengi huandika 1.500, na mkato kwao ni alama ya desimali. Nimewahi kusahihisha daftari la mtoto aliyerudi ambaye mwalimu mwenzangu alimpa sifuri kwa mkato huo. Kwenye tovuti, mtu wa kwetu akiandika 1,500 katika nafasi ya kilo, PHP ikilazimishwa kuifanya namba nzima inasoma hadi kwenye mkato, inasimama, na kuchukua 1, bila kusema neno. Python inagoma kabisa: inasema hii si namba, na kama aliyeandika programu hakujiandaa, ukurasa unaanguka. Ukiniuliza ipi bora, nitasema anayegoma waziwazi ni bora kuliko anayekubali kilo moja badala ya elfu moja mia tano. Lakini mwenye simu alichoona ni kwamba tovuti ileile, namba ileile, ukurasa huu inakubali na ukurasa ule inakataa, akahitimisha kuwa tovuti imerogwa.

Kampuni iliyoleta karatasi imeyasikia haya yote, na inayatumia kama ushahidi kwamba lugha mbili haziwezekani. Hapo ndipo ninapotofautiana nayo.

Tazameni Wikipedia, kamusi elezo ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003 na ambayo wanafunzi wangu wananakili humo kazi za nyumbani wakidhani sijui. Ilipoanza Januari 2001 iliendeshwa kwa programu ya lugha ya Perl. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2002, ilihamishiwa programu mpya ya PHP iliyoandikwa na Mjerumani Magnus Manske, na kizazi cha programu hiyo, MediaWiki, ndicho kinachoiendesha mpaka leo. Lakini haikubaki na PHP peke yake. Wahariri walikuwa wakitengeneza vielezo vya kurasa kwa alama zilizopangwa kama fumbo, kurasa nzito zikawa zinachukua muda mrefu kutengenezwa. Mwaka 2013 wakaingiza lugha ya pili, Lua, iliyozaliwa Brazili mwaka 1993, ifanye kazi ndani ya seva pamoja na PHP.

Angalieni walivyoiingiza. Lua haikupewa funguo za nyumba. Haigusi hifadhidata moja kwa moja. Inaomba, inapewa inachoruhusiwa, inarudisha maandishi, basi. Imewekewa kikomo cha muda, sekunde 10 kwa ukurasa mmoja, ikizidisha inakatwa. Mpaka umechorwa, na kila upande unaujua. Ndiyo maana fahali wale wawili wamekaa zizi moja zaidi ya miaka kumi bila kuumizana.

Ili niwe mkweli, nitaje na upande wa pili wa habari hiyo. Wikipedia hiyohiyo ilikuwa na kipande kingine, kiitwacho Parsoid, cha kutafsiri alama za wahariri kuwa ukurasa na kuurudisha tena kuwa alama. Kiliandikwa kwa JavaScript, kikakaa pembeni kama huduma inayojitegemea, wakati PHP nayo ilikuwa na kifaa chake cha kufanya karibu kazi hiyohiyo. Mwisho wa 2019 walikihamishia PHP. Hawakushindwa kuendesha lugha mbili. Walichoka kutunza kazi moja mahali pawili, kila mabadiliko yafanywe huku yarudiwe kule. Ni swali la mhazini wetu lilelile, limeulizwa na watu wenye seva nyingi.

Kwa mantiki hiyo sisemi kwamba kila tovuti iwe na lugha mbili. Kama kikundi chenu kinaanza leo, na mna kijana mmoja tu, chagueni moja na mtulie. Hata kurudi kwenye moja baada ya miaka mingi si aibu. Ninachopinga ni kuuziwa uhamisho kama dawa ya ugonjwa usiojulikana. Je, karatasi zile tatu zinataja saa ya Bujumbura na ya Kigoma? Hazitaji. Zinasema nusu faranga itakatwa vipi? Hakuna. Mkato na nukta? Kimya. Mtu anaweza kuandika tovuti nzima kwa lugha moja na bado akakosea yote matatu, maana saa mbili zinaweza kuwekwa ndani ya programu ya lugha moja na wavulana wawili wasiozungumza.

Na kuna gharama ambayo wauzaji wa uhamisho hawaiandiki. Msimbo wa zamani una mambo yaliyojifunza kwa machozi. Programu yangu ina mstari unaozuia oda mbili zinazofanana ndani ya dakika moja, kwa sababu mtandao wa mpakani hukatika na watu hubonyeza mara mbili. Haupo katika hati yoyote. Anayeandika upya hataujua mpaka mtu apokee malori mawili.

Wala sitetei kulala. PHP yangu ya 2011 ilitumia njia ya zamani ya kuzungumza na hifadhidata, ile ya maneno yanayoanza na mysql, ambayo iliondolewa katika toleo la 7 lililotoka Desemba 2015. Nilikuwa nimesikia, nikapuuza, kwa vile kampuni iliyokuwa ikitupangisha seva ilibaki na toleo la zamani. Mwaka 2020 wakapandisha toleo, asubuhi kurasa zote za bei zikawa nyeupe. Nilikesha siku nne kuzirekebisha. Cha ajabu ni kwamba siku hizo nne upande wa Python uliendelea kupokea oda kama kawaida. Lugha mbili zilituokoa na njaa ya siku nne, ingawa sijivunii, kwa kuwa hatukuwa tumepanga hivyo.

Baada ya yale ya 2019 nilimtafuta yule kijana Kigoma, tukakaa mgahawani siku mbili, tukala mikebuka, tukafanya tulichopaswa kufanya mwaka mmoja nyuma. Tulikubaliana kwamba hesabu yoyote ya fedha inafanywa upande wa Python tu. PHP ikihitaji kuonyesha mchango, haipigi hesabu, inauliza na kupewa jibu kwa maandishi ya muundo wa JSON ambao lugha zote mbili zinasoma. Kila jedwali la hifadhidata likapewa mwenyewe: bei na wanachama ni za PHP kuandika, oda na risiti ni za Python, na asiye mwenyewe anasoma tu. Saa zote tukazihifadhi kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo Burundi iko mbele yake kwa saa mbili na Tanzania kwa saa tatu. Mtu akifungua ukurasa anaonyeshwa saa ya upande wake pamoja na jina la mji. Mpaka wa siku tukauandika kwa maneno: saa sita usiku ya Burundi. Kuingia kukawa mara moja, kwa kitambulisho kimoja kinachokaguliwa kwenye jedwali moja na pande zote mbili. Namba zenye mkato au nukta zinarudishwa kwa mwandishi na swali: ulimaanisha elfu moja na mia tano? Yote haya yamo katika kurasa mbili za daftari la mistari, zimesainiwa, nakala anayo mwenyekiti.

Tangu hapo hatujawahi kuwa na pengo katika vitabu. Matatizo yapo: umeme, mtandao, na sasa hivi mimi ndiye peke yangu hapa ninayesoma lugha zote mbili, jambo ambalo ni la hatari kuliko yote, kwani mimi ni mtu wa kuugua na kuhamishwa kituo kama mwalimu yeyote. Hapo kampuni ya vijana ingesema "mnaona!" ningewapa haki. Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikundi ni hili: sehemu ndogo ya akiba ile, badala ya yote, iwalipe wanafunzi wawili wa kidato cha juu, mmoja wa hapa na mmoja wa Manyovu, waje kwangu likizo mbili wajifunze kusoma msimbo wa pande zote na ile hati ya daftari. Baada ya hapo, kama wao wataona ni bora kuhamishia yote Python, wahamishe kipande kimoja kimoja, bawabu pale mlangoni anabadilishiwa anwani moja tu kila mara, na wanachama hawatajua kilichotokea. Kampuni nayo ikaribishwe, ila ijibu kwanza kwa maandishi mambo manne: saa, nusu, mkato, na nani atakayetunza kazi yao wakishaondoka.

Mhazini amesema atakuja na risiti zake. Yule mama wa Nyanza-Lac naye amenipigia, anataka suala la posho ya dereva liwekwe kwenye ajenda, na nimeliandika la kwanza.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, saa ya Burundi. Wanaotoka upande wa Manyovu wajue kwao itakuwa saa tisa.